Kompyuta ya Michezo kwa Mwenye Fedha Kidogo: Heri Kupima Kuliko Kuvutiwa

Katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Kariakoo, Dar es Salaam, kuna bidhaa moja ambayo huwasimamisha vijana njiani. Ni kasha la kompyuta lenye ubavu wa kioo, na ndani yake feni zinazunguka huku zikiwaka taa nyekundu, buluu na kijani. Kijana aliyeweka akiba kwa mwaka mzima ili apate mashine ya kuchezea michezo ya kompyuta husimama mbele ya kasha hilo, huuliza bei, na aghalabu hujibiwa kwa tarakimu: gigabaiti kadhaa, wati kadhaa, viini kadhaa. Tarakimu zikiwa kubwa, moyo wake hutulia. Hulipa, hubeba, na akifika nyumbani hugundua kwamba mchezo alioutamani hauendi, bali unajikongoja.

Watu wazima wanaomzunguka husema kwamba amepata alichostahili, kwa kuwa ametupa fedha katika mambo ya kitoto. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kosa lake halikuwa kutaka mashine ya michezo. Kosa lake lilikuwa kununua kwa macho kitu ambacho hapana budi kinunuliwe kwa kipimo. Na kosa hilo hilo hufanywa pia na watu wazima wanaponunua pampu ya maji, betri ya nishati ya jua au mashine ya kusaga. Kwa hiyo suala la kijana huyo lastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake limo somo la ufundi linalowahusu wengi.

Kazi ya mashine ni ipi?

Kabla ya kuchagua sehemu za mashine yoyote, yafaa kwanza ijulikane kazi ambayo mashine hiyo itafanya. Mchezo wa kompyuta ni mfululizo wa picha zinazochorwa upya mara nyingi katika kila sekunde, kwa namna ya sinema, ila picha hizi hazikupigwa mapema. Huchorwa papo hapo kwa kufuata mkono wa mchezaji. Skrini ya kawaida yenye vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo ina jumla ya vitone 2,073,600. Skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kila sekunde. Maana yake ni kwamba vitone zaidi ya milioni 124 vitafutiwe rangi yake katika kila sekunde moja, na kila picha ipewe muda usiozidi milisekunde 16.7. Muda huo ukizidi, jicho huona mkwamo.

Kazi hiyo hugawanywa kati ya sehemu mbili kuu. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, hukadiria mambo yanayotukia katika mchezo: mpira umekwenda wapi, adui amesimama wapi, gari limegonga nini. Kisha kadi ya picha hupokea maagizo hayo na kuchora. Prosesa ina viini vichache vyenye akili nyingi. Kadi ya picha ina vikokotozi vidogo vidogo, mamia kwa maelfu, vinavyofanya hesabu nyepesi kwa wakati mmoja. Wakati kadi inachora picha moja, prosesa huwa imekwisha kuanza kuandaa picha inayofuata.

Hapa ndipo inapotokea kanuni ambayo mnunuzi hana budi kuishika kuliko nyingine zote. Wafikiriwe wanawake watatu wanaoandaa mpunga: wa kwanza anatwanga, wa pili anapepeta, wa tatu anachagua mawe. Ikiwa anayepepeta huchukua dakika kumi kwa kila ungo, hata mtwangaji akipewa mchi mpya na nguvu za watu wawili, mchele hautatoka upesi zaidi. Utalundikana tu mbele ya mpepetaji.

Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Ichukuliwe kwamba katika mchezo fulani prosesa huhitaji milisekunde 8 kuandaa picha moja, na kadi huhitaji milisekunde 20 kuichora. Mchezo huo utatoa picha 50 kwa sekunde, basi. Kijana akinunua prosesa yenye kasi maradufu, inayohitaji milisekunde 4 tu, atapata picha ngapi? Zile zile 50. Fedha yake imekwenda bure. Lakini akinunua kadi inayohitaji milisekunde 10, atapata picha 100. Na akiendelea kupanda hata akapata kadi ya milisekunde 5, hatapata picha 200, maana sasa prosesa ndiyo inayochelewesha; atapata 125. Kila shilingi ina mahali pake pa kwenda, na mahali hapo hubadilika kila mara kiungo kimoja kinapoimarishwa.

Jambo la kufurahisha ni kwamba kiungo kinachochelewesha hugunduliwa bila chombo chochote cha maabara. Mchezaji apunguze ukubwa wa picha katika mipango ya mchezo, kisha ahesabu picha kwa sekunde. Zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zisipoongezeka, kadi haina lawama. Prosesa ndiyo iliyochoka. Huo ni utafiti kamili wa kisayansi: kubadili jambo moja, kuyaacha mengine yalivyo, na kupima matokeo.

Mgawanyo wa fedha

Kwa mtu mwenye fedha kidogo, mgawanyo ufuatao waweza kuwa mwongozo mzuri. Akiba yote ya kununulia mashine, bila skrini, igawanywe mafungu 20. Mafungu 7 yaende kwenye kadi ya picha, 3 kwenye prosesa, 3 kwenye ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi, 2 kwenye kumbukumbu, yaani ramu, 2 kwenye diski, 2 kwenye pawasaplai, na fungu 1 lililobaki liwe la kasha. Mgawanyo huu si sheria, na bei za soko huusukuma huku na huko. Mathalani, tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei za ramu zimepanda sana duniani kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vikubwa vya kompyuta za akili ya kubuni. Hata hivyo, mwongozo huu una faida moja kubwa: unaonyesha waziwazi kwamba kasha lenye taa limo mwisho wa orodha. Feni yenye taa haipulizi upepo mwingi zaidi ya feni isiyo na taa.

Tarakimu kubwa iliyoandikwa kwenye boksi nayo yaweza kupotosha, kwa sababu hutaja sifa ya sehemu ikiwa peke yake, wala haitaji jinsi itakavyoafikiana na sehemu nyingine. Mfano ulio wazi ni kadi ya Radeon RX 6500 XT, iliyotolewa Januari 2022 na kulengwa kwa wanunuzi wa kipato cha chini. Kadi hiyo ina gigabaiti 4 za kumbukumbu, na huwasiliana na madabodi kwa njia 4 tu badala ya 8 au 16. Ikiwa madabodi ni ya kizazi kipya cha mawasiliano, cha nne, njia hizo hupitisha kiasi cha gigabaiti 8 kila sekunde, na mambo huenda. Lakini mwenye fedha kidogo aghalabu ana madabodi ya kizazi cha tatu, ambamo njia hizo hizo hupitisha nusu yake. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, data hulazimika kupita katika njia hiyo nyembamba, na mchezo hukwama. Hivyo kadi iliyokusudiwa kumfaa mwenye mashine kuukuu ilimwadhibu huyo huyo.

Kinyume chake kipo pia. Kadi ya Intel Arc B580, iliyotoka Desemba 2024, ina gigabaiti 12 za kumbukumbu na sifa nzuri kwa bei yake. Hata hivyo huitwisha prosesa mzigo mkubwa, nayo hutaka madabodi yenye uwezo maalumu wa kuiruhusu prosesa ifikie kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja. Ikifungwa katika mashine ya kale, sifa zake nyingi hupotea. Radeon RX 6600, ya mwaka 2021, yenye gigabaiti 8 na matumizi ya wati 132, haina makuu hayo, na kwa sababu hiyo imewafaa wengi wenye mashine za kadiri.

Ramu nayo ina siri yake. Kipande kimoja cha ramu ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vipande viwili vilivyopachikwa katika nafasi zinazostahili hupitisha 51.2, kwa kuwa prosesa huvisoma kwa pamoja. Kwa hiyo vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha gigabaiti 16, ingawa jumla ni ile ile. Tofauti hii huonekana zaidi kwa anayetumia prosesa yenye uwezo wa kuchora picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, ambayo haina kumbukumbu ya picha ya peke yake bali huazima ramu. Mashine ya namna hiyo ni mwanzo mzuri kwa asiyeweza kununua kadi leo. Hucheza michezo myepesi, huku mwenyewe akiendelea kuweka akiba ya kadi. Haba na haba hujaza kibaba.

Hekima hiyo hiyo itumike katika kuchagua madabodi. Madabodi ina soketi, na soketi huamua ni prosesa zipi zitakazoingia sasa na baadaye. Soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD ilianza kutumiwa na prosesa za Ryzen mwaka 2017, na madabodi nyingi za wakati huo ziliweza kupokea hata prosesa za Ryzen 5000 zilizotoka mwaka 2020 na baadaye, mradi programu yake ya ndani ibadilishwe kwanza. Aliyenunua madabodi hiyo kwa busara alipata ngazi ya kupanda kwa miaka mingi bila kubomoa nyumba yote. Mwenye fedha kidogo asiulize tu mashine itafanya nini leo. Aulize pia ni kipande gani atakachoweza kukibadili baada ya miaka miwili.

Sehemu isiyoonekana

Ikiwa kuna sehemu moja ambayo haifai kabisa kufanyiwa ubahili, sehemu hiyo ni pawasaplai. Hiki ndicho chombo kinachopokea umeme wa mkondo geu kutoka ukutani, volti 230 kwa Tanzania, na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3 unaohitajiwa na sehemu nyingine. Haina taa, haionekani, wala haiongezi hata picha moja katika mchezo. Kwa hiyo ndiyo ya kwanza kupunguzwa fedha. Lakini ikiharibika vibaya yaweza kuangamia pamoja na madabodi, kadi na diski, kwa sababu vyote vimefungwa kwenye nyaya zake.

Pawasaplai nyingi za bei ya chini huandikwa wati 500 au 600 kwa herufi kubwa. Mnunuzi asiamini herufi hizo mpaka asome jedwali dogo lililobandikwa ubavuni. Prosesa na kadi ya picha hulishwa hasa na mkondo wa volti 12. Ikiwa jedwali lasema kwamba mkondo huo hutoa ampea 20, basi volti 12 mara ampea 20 ni wati 240. Hizo ndizo wati za kweli kwa kazi ya michezo, hata kama nje imeandikwa 500. Hesabu hii hujulikana na mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyesoma fizikia. Kilichobaki ni kuitoa darasani na kuipeleka dukani.

Kwa upande mwingine, hapana haja ya kununua wati nyingi kupita kiasi. Mashine yenye RX 6600 na prosesa ya Ryzen 5 5600, pamoja na diski na feni zake, haizidi sana wati 250 au 300 wakati wa mchezo mzito. Pawasaplai ya kweli ya wati 500 inaitosha. Alama ya 80 PLUS, inayotolewa chini ya mpango ulioanzishwa mwaka 2004, husaidia kuonyesha kwamba umeme mwingi haupotei kuwa joto: kwa ufanisi wa asilimia 80, mashine inayotumia wati 250 huvuta wati 312.5 ukutani, na 62.5 huishia kuwa joto. Lakini alama hiyo hupima ufanisi peke yake. Kinga dhidi ya msukumo mkubwa wa umeme na dhidi ya nyaya kugusana ni jambo jingine, na mnunuzi ahakikishe kwamba zimeandikwa katika maelezo ya chombo.

Hatari nyingine inawahusu wanunuzi wa vifaa vya mtumba. Pawasaplai kadhaa za kale zina swichi ndogo nyekundu nyuma, ya kuchagua volti 115 au 230. Mashine iliyotoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120, yaweza kuwa imewekwa kwenye 115. Ikichomekwa katika umeme wa volti 230 bila swichi hiyo kugeuzwa, hulipuka papo hapo. Akiba ya mwaka huteketea kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho. Na mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, kidhibiti volti, yaani stabilaiza, kihesabiwe kuwa sehemu ya kompyuta yenyewe.

Njia ya mtumba

Kwa wengi, kununua sehemu mpya zote ni ndoto. Njia inayopitika ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo, kisha kuiongezea kadi ya picha. Njia hii ni nzuri, na si ya kuonea haya. Prosesa haichakai kama gurudumu. Iliyofanya kazi ofisini kwa miaka sita yaweza kufanya kazi miaka mingine mingi. Lakini ina masharti yake.

Sharti la kwanza ni umeme. Nafasi ya kadi katika madabodi hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo hulishwa kwa waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai, na mashine nyingi za ofisi hazina waya huo. Tena, mashine nyingi za ofisi za Dell na HP hutumia viunganishi vya umeme vya namna yake, visivyolingana na kile cha kawaida cha pini 24, hivyo kubadili pawasaplai si jambo jepesi. Kwa mashine hizo kadi zinazofaa ni kama GTX 1650 ya mwaka 2019, ambayo baadhi ya matoleo yake hutosheka na wati hizo 75.

Sharti la pili ni nafasi. Kompyuta nyembamba za ofisi hupokea kadi fupi za nusu kimo tu. Rula ya mwanafunzi ni chombo cha lazima katika safari ya dukani.

Sharti la tatu ni umri. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hutaka, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache tu. Kwa hiyo mashine yenye Core i5-8500 ya mwaka 2018, yenye viini 6, ni chaguo la busara kuliko ya kizazi cha 4 inayouzwa kwa bei ya chini kidogo. Anayeipata ya kale kwa bei ya kutupa aweza kutumia Linux, ambayo tangu mwaka 2018 huweza kuendesha michezo mingi ya Windows kwa msaada wa programu ya Proton ya kampuni ya Valve, ingawa baadhi ya michezo ya kushindana kwa mtandao huikataa.

Sharti la nne ni uaminifu wa bidhaa. Zimekwisha kuonekana sokoni kadi za miaka ya 2010 na 2011 ambazo programu yake ya ndani iliandikwa upya ili zijitangaze kwa kompyuta kuwa GTX 1050 Ti, kadi ya mwaka 2016. Boksi linasema uongo, na kompyuta yenyewe inasema uongo kwa kuwa imedanganywa. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hutambua nyingi za kadi hizo, maana huitazama chipu yenyewe na haitegemei jina lililoandikwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: muuzaji wa kadi nzuri haogopi kuiona ikifungwa na kuendeshwa kwa nusu saa mbele ya mnunuzi kabla fedha haijatolewa.

Mwisho, hali ya hewa ikumbukwe. Prosesa na kadi zikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Katika mji wa joto na vumbi, kasha lenye uso wa wavu, hata likiwa la sura duni, hushinda lile la kioo lililoziba. Brashi laini na robo saa ya usafi kila baada ya miezi michache huweza kurudisha kasi ambayo wengine huitafuta kwa kununua kadi mpya.

Je, ni mchezo tu?

Inabaki hoja ya wazazi kwamba hata mashine iliyochaguliwa vizuri ni chombo cha kupotezea wakati. Hoja hii ina uzito, na muda wa kucheza lazima uwe na mpaka. Lakini yafaa ikumbukwe kilichotokea katika historia ya karibuni ya sayansi. Mwaka 2007 kampuni ya NVIDIA ilitoa mfumo wa CUDA, uliowawezesha watafiti kuzitumia kadi za michezo kwa hesabu za kawaida. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton walifunza mtandao wa kutambua picha kwa kutumia kadi mbili za GTX 580, zenye gigabaiti 3 kila moja. Kadi hizo ziliuzwa madukani kwa wacheza michezo. Kazi ilichukua siku tano hadi sita, na katika shindano la ImageNet la mwaka huo kosa lao lilikuwa asilimia 15.3, ilhali aliyewafuata alipata asilimia 26.2. Akili ya kubuni inayozungumzwa leo kila mahali ilipata msukumo mkubwa kutokana na jaribio hilo.

Maana ya kisa hicho si kwamba kila mchezaji atakuwa mtafiti. Maana yake ni kwamba chombo ni kile kile. Mashine inayochora uwanja wa mpira mara 60 kwa sekunde yaweza usiku huo huo kukokotoa mwendo wa mafuriko, kuchora ramani ya daraja, kuhariri filamu, au kufunza programu itambue maradhi ya majani ya mihogo. Na kijana aliyeifunga kwa mikono yake, akajua kwa nini alichagua kila kipande, ana jambo ambalo aliyenunua simu iliyofungwa kwa gundi hana. Anajua kwamba ndani ya mashine hamna uchawi. Mna sehemu, vipimo na sababu.

Basi yafaa mambo matatu yatendwe. Vyuo vya ufundi stadi viifanye kazi ya kuchagua na kuunganisha kompyuta kuwa zoezi la mafunzo, ambamo mwanafunzi hupewa bajeti ndogo na kutakiwa kutetea kila shilingi mbele ya wenzake. Maduka yawe na meza ya majaribio, na mnunuzi asionekane mkorofi kwa kuitaka. Na wazazi, badala ya kukataa au kutoa fedha bila kuuliza, wamtake kijana alete karatasi yenye orodha ya sehemu, bei yake, wati zake, na sababu ya kuchagua kila moja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kijana atakayeweza kuijaza karatasi hiyo bila kubabaika amekwisha kujifunza kitu, hata kabla mashine haijawashwa. Asiyeweza, na asubiri mwezi mmoja zaidi. Akiba yake haitaoza, na kasha lenye taa litakuwa bado liko dirishani.